Korodani Iliyobaki Tumboni: Mhadhara kwa Wafugaji wa Mbwa

Shikamooni wazee wangu, na vijana hamjambo. Asanteni kwa kunikaribisha. Mada mliyonipa watu huona haya kuitaja mbele ya wakwe, basi tuimalize haya hiyo sasa hivi ili tuongee vizuri: tunazungumzia korodani za watoto wa mbwa, hasa zile zinazokataa kushuka.

Nianze na linaloniuma zaidi. Dume ambaye korodani zote mbili zimebaki ndani hazai, kwa hiyo ubaya wake unaishia kwake. Mwenye moja nje na moja ndani anazaa vizuri kabisa. Anapanda jike, jike anashika mimba, watoto wanakuja wazuri, mwenye dume anapewa mtoto wake au hela yake, na kesho anaitwa nyumba nyingine. Kila anapopita anaacha kasoro ile ile katika damu. Huyo wa moja ndiye aliyenileta hapa leo.

Sasa tuelewe safari yenyewe. Mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake, korodani zake huota juu kabisa, jirani na figo. Kutoka hapo zinatakiwa ziteremke, zipite kwenye tundu la kinena, ziingie kwenye mfuko wa korodani. Kuna ukano laini unaoziongoza njia nzima. Mpasuaji John Hunter wa London aliueleza ukano huo mwaka 1762 alipochunguza vijusi vya binadamu, na kwa mbwa kazi yake ni hiyo hiyo. Homoni mbili zinausimamia, na zote mbili hutengenezwa na korodani yenyewe: ya kwanza, inayoitwa INSL3, hufanya ukano unenepe na kuishusha korodani hadi kwenye kinena, ya pili ni testosteroni, ambayo humalizia sehemu iliyobaki hadi mfukoni. Homoni ikipungua, au ukano usipokua inavyopasa, korodani hukwama njiani.

Mbwa anapozaliwa, safari hiyo bado haijaisha. Korodani hupita kinena siku chache baada ya kuzaliwa, na kwa kawaida zikifika wiki ya 5 zimekwishatulia mahali pake. Kwa hiyo mtoto wa wiki 8, umri ambao wengi wenu mnauza, anatakiwa awe nazo zote mbili na mkono uzipate. Wapo wanaochelewa. Akifika miezi 6, tundu la kinena limekwishabana, na ambayo haijapita haitapita tena. Tafadhali msimwambie mnunuzi asubiri mpaka mwaka.

Mara nyingi inayobaki ni ya kulia. Maelezo yanayotolewa ni kwamba figo ya kulia ya mbwa imekaa mbele zaidi kuliko ya kushoto, hivyo korodani ya upande huo ina njia ndefu zaidi. Na mkiikosa moja, msiseme kwamba mbwa huyu aliumbwa na moja tu. Hilo hutokea kwa nadra mno. Chukulieni kwamba iko, ila imejificha: ama tumboni, ama ndani ya kinena, ama chini ya ngozi pembeni mwa uume.

Ikiwa ndani inafanya nini? Joto la mwili wa mbwa ni nyuzi 38 hadi 39, na mfuko uko nje kwa sababu mbegu zinahitaji ubaridi zaidi ya hapo. Kule tumboni mbegu hazikomai. Homoni ya udume lakini inaendelea kutoka kama kawaida, kwa hiyo dume huyu atapanda, atapigana, atakojolea kila nguzo ya mtaa.

Jambo ninalotaka mlibebe leo ni la saratani, na hapa naomba niende polepole. Korodani iliyobaki ndani ina hatari ya kupata uvimbe takriban mara 10 kuliko iliyoshuka. Uvimbe mmojawapo hutokana na seli za Sertoli, zile zinazolea mbegu ndani ya korodani, na baadhi ya uvimbe wa aina hiyo humwaga homoni ya kike. Dume anaanza kuota matiti. Manyoya yanapukutika ubavuni, kulia na kushoto kwa kulingana, ngozi inakuwa nyeusi. Hajikuni, na hapo ndipo mwenye ukurutu anapotofautiana naye, maana wa ukurutu hujikuna usiku kucha. Uume wake unasinyaa, na madume wengine wanaanza kumfuata kama jike aliye kwenye joto. Mwenye mbwa anamwogesha dawa ya kupe, anamchoma sindano ya ukurutu, anabadilisha chakula, na miezi inakwenda.

Homoni ile ikizidi, inazima kazi ya uboho wa mifupa. Damu inakosa chembe nyekundu, inakosa chembe za kugandisha. Ufizi unakuwa mweupe, pua inatoka damu. Na katika nchi zetu, mbwa mwenye ufizi mweupe na pua inayotoka damu kila mtu anajua jibu lake: homa ya kupe! Anapewa doksisaiklini, mara nyingi ni sahihi kufanya hivyo, lakini ikiwa hakuna aliyepapasa mfuko wake na kuona kwamba una korodani moja, mbwa huyu atakufa huku anatibiwa ugonjwa mwingine. Uboho ukishazimika, hata ukiutoa uvimbe, si wote wanaopona. Kwa hiyo mkimleta mbwa dume kwa daktari kwa ugonjwa wowote ule, mwambieni tangu mlangoni kama ana moja. Msimsubiri agundue.

Kuna pia kujinyonga kwa mishipa. Korodani ya tumboni haina kinachoishikilia vizuri, na ikiwa na uvimbe ni nzito. Ikizunguka, damu inakatika, mbwa anapinda mgongo kwa maumivu, anatapika. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Turudi kwenye damu. Kasoro hii ni ya kurithi, ingawa urithi wake si wa jeni moja rahisi. Huonekana kwa dume tu, kwa kuwa jike hana korodani za kushuka, lakini jike anaibeba na kuirithisha. Ndiyo maana mfugaji akipata mtoto wa namna hii hulaumu dume lililopandishwa, na jike wake anabaki msafi machoni pake. Hapana. Chukulieni kwamba pande zote mbili zimechangia. Msirudie kuwakutanisha wazazi hao, na ndugu wa tumbo moja, pamoja na madada zake, mfikirie mara mbili kabla ya kuwazalisha. Wanaofuga Chihuahua, Pomeranian, Yorkshire Terrier na Poodle wadogo wanaijua sana shida hii; Boxer wanayo, na German Shepherd, ambao ndio wamejaa kwenye mageti yetu, nao wanayo. Sisi tuna madume wachache wanaozunguka mji mzima, basi dume mmoja mbaya anachafua mji mzima.

Shirikisho la kimataifa la mbwa wa asili, FCI, linaandika katika viwango vya kila aina kwamba dume awe na korodani mbili za kawaida zilizoshuka kabisa mfukoni. Ndipo wanapozaliwa wajanja. Wanaomba sindano za homoni ili ishuke, wengine wanaomba ishonwe mfukoni. Sindano hizo kwa mbwa hazijathibitika kufaa, na hata ishuke, mbwa anakwenda kuzaa watoto wale wale. Kumfanyia mbwa hivyo ili auzwe au ashindanishwe ni kumdanganya mtu, na daktari anayekubali anashiriki.

Tiba ni kuhasi, pande zote mbili. Ya kinena hutolewa kwa kupasua juu yake. Ya tumboni, tumbo hufunguliwa na daktari hufuata mrija wa mbegu kuanzia karibu na kibofu mpaka aipate. Naomba sana: inayojificha itolewe kwanza. Akitoa ya nje peke yake, mbwa huyu ataonekana amehasiwa, atauzwa hivyo, na aliyemnunua hatajua kwamba bomu liko ndani. Mkimpata mbwa wa namna hiyo anayepanda majike ilhali mfuko ni mtupu, kuna kipimo cha damu cha homoni ya AMH kinachoweza kuonyesha kama korodani bado iko. Kuhusu umri, kwa German Shepherd mimi hupendelea apite mwaka mmoja kwanza, kwa sababu utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wa mwaka 2016 uliwakuta waliohasiwa kabla ya mwaka wakiwa na matatizo zaidi ya viungo. Uvimbe huja ukubwani zaidi, kwa hiyo nafasi ipo. Lakini msipitishe miaka.

Mama yangu pale mbele ameniuliza namna ya kupima mwenyewe. Pasha mikono joto. Mtoto awe ametulia, ameshiba, kwa sababu mwenye hofu huzivuta juu na utadhani hana. Msimamishe, weka vidole viwili mbele ya mfuko na uvivute taratibu kuelekea nyuma. Unatafuta vitu viwili vigumu kiasi, kila kimoja kama punje ya njegere. Mafuta ya kinena hudanganya. Korodani inateleza chini ya kidole, mafuta hayatelezi. Ukikosa, jaribu tena kesho kabla ya kupiga kelele.

Na kijana aliyeuliza afanyeje, maana amekwishanunua mwenye moja: usimrudishe akauawe. Ni mlinzi mzuri, ni rafiki mzuri. Nenda kwa aliyekuuzia, mwombe akupunguzie bei kwa kiasi cha gharama ya upasuaji, na mwandikishiane kwamba hatazalishwa. Hata wewe unayeuza, andika kwenye karatasi ya mauzo: korodani mbili zimeshikwa, tarehe fulani, au moja tu imeshikwa. Mstari mmoja unatosha.