Kumchorea Mtu Njia ya Kuingia Ndani

Vijana wangu, karibuni. Ramani ya nyumba nyote mnajua kuichora. Ramani huonyesha vyumba vyote kwa mara moja, paa limeondolewa, nawe unatazama kutoka juu. Mtu wa kweli huingia kwa mlango, hukata kona, hupanda kidato, na macho yake huchukua muda kuzoea giza. Hayo ndiyo ninayotaka tuyatie kwenye karatasi leo.

Tutumie nyumba za mawe za hapa Lamu, zile za karne ya 18. Msanifu majengo Usam Ghaidan alizipima na kuzichora katika miaka ya 1970, na ramani zake bado zinatufaa sana. Chukueni ramani ya namna hiyo, mtie mshale kila kizingiti na namba yake. Kila namba iwe na mchoro wake mdogo, usiozidi kiganja. Simameni kizingitini penyewe, msiende katikati ya chumba, maana ni kizingitini mtu anapohisi kwamba ametoka kwingine na anaingia kwingine.

Kwanza daka, yaani ukumbi wa nje mbele ya mlango, pana mabaraza huku na huku, na mgeni asiye wa karibu huishia hapo. Ukivuka mlango uko tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na njia hukata kona. Hata mlango ukiachwa wazi, mpita njia haoni kitu. Wengi wenu huparuka hapa mkakimbilia chumba chenye mapambo. Naomba msiparuke! Choreni ukuta unaokukabili na mwanga unaoingia kwa ubavuni. Msipompitisha mtazamaji kwenye kiza cha tekani, jua la kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, halitamshtua.

Kiwanda kiko wazi juu. Kutoka hapo unaingia msana wa tini (ukumbi wa chini), kisha msana wa yuu (ukumbi wa juu kidogo), kisha chumba kiitwacho ndani, vyote virefu na vyembamba, vimelala sambamba. Wembamba huo umeletwa na mti: dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi inayozidi sana mita mbili na nusu. Basi zichoreni boriti kwa uangalifu. Anayejua urefu wake atakijua chumba bila ninyi kuandika kipimo chochote.

Katika misana, tangulizeni kivuli, mistari ifuate. Misana hufunguka kuelekea kiwandani, kwa hiyo ukisimama ukingoni mwa kiwanda unaona tabaka baada ya tabaka, kila moja jeusi kuliko lililotangulia, na sakafu ikipanda kidogo kidogo. Toni tatu za penseli zinatosha. Kisha ketini, mchore tena. Wenyewe waliviishi vyumba hivi wakiwa wameketi, na ukikaa chini utaona zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zinapanda safu juu ya safu mpaka karibu na boriti. Ukiwa umesimama hulipati hilo. Wala msihangaike na kila kidaka. Vya pembeni vichoreni kwa ukamilifu pamoja na chokaa yake iliyochongwa, vingine viwe vivuli tu.

Nyuma ya chumba cha ndani katika nyumba nyingi kuna chumba kiitwacho nyumba ya kati. Huko ndiko maiti walikooshewa. Kwenye nyumba inayokaliwa na watu, ishieni msanani isipokuwa mwenyewe awaruhusu, na akiwaruhusu, mwulizeni pia kama mchoro unaweza kuonyeshwa wengine. Mimi naona hili ni sehemu ya kazi sawasawa na kuchonga penseli.

Mazoezi tutayafanya kwenye Makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili. Kundi la kwanza lichore kabla ya saa nne asubuhi, la pili baada ya adhuhuri, kutoka vizingiti vilevile. Andikeni saa chini ya kila mchoro, kisha tuibandike miwili miwili ukutani tuone kivuli cha kiwanda kimehama kiasi gani.