Jinsi ya kuutambua mtini wa mtoni, ule wa Panama

Haya wapendwa karibuni, leo tupo Panama kando ya mto, nataka ukimaliza hii video uweze kuutambua huu mti mwenyewe bila kumuuliza mtu. Jina la kisayansi ni Ficus insipida, huku wanauita higuerón na ukifika Peru utasikia ojé. Unaota kuanzia Meksiko, unashuka Amerika ya Kati yote mpaka huko Bolivia na Brazil.

Anza chini kabisa. Shina limesimama lenyewe toka ardhini, mizizi imetanuka pembeni kama kuta, mtoto akijibanza hapo katikati humuoni. Mitini mingi ya huku inaanzia maisha juu ya mti mwingine halafu inashusha mizizi mpaka inaunyonga, huu hauna hiyo tabia, kwa hiyo ukikuta mizizi imemkaba mwenzake basi sio wenyewe, songa mbele. Urefu unaweza kufika mita 40, majani ya juu hutayafikia, tafuta tawi lililodondoka.

Umelipata? Tazama ncha. Hicho kitu kirefu kilichochongoka kama mkuki ndo kifuniko cha jani changa, jani likifunguka kinadondoka na kuacha alama ya pete kwenye kijiti, pitisha kucha utaisikia. Kata kidogo, huo utomvu mweupe kama maziwa. Usiuonje jamani! Amazon wanautumia kama dawa ya minyoo toka zamani ila ukizidisha ni sumu.

Sasa tini zenyewe, hapa ndo napapenda. Zinakaa moja moja pale jani linapoungana na kijiti, sio mbilimbili, na zikiiva zinabaki kijani vilevile, wengi wanaziacha wakidhani bado changa. Mlaji wake mkubwa ni popo na yeye usiku anafuata harufu, rangi ya nini? Ipasue: humo ndani ndo kwenye maua, na kuna kinyigu kidogo sana kinachoingia kutaga mayai na kuleta chavua, bila hicho hakuna mbegu.

Popo hali hapohapo, anaichuma anaruka nayo mti wa jirani, anafyonza maji na kutema makapi. Pale kisiwa cha Barro Colorado, hukuhuku Panama, watafiti wamewafuatilia hao popo miaka mingi. Kwa hiyo ukiona vidonge vya makapi makavu chini ya mti ambao hata sio mtini, inua kichwa uangaze jirani, higuerón hauko mbali.