Mgeni wa Kigoma Anakula Nini?

Nashukuru kwa nafasi hii. Mama lishe, wenye nyumba za wageni, waongoza wageni, na nyie wenye boti mliojibanza kule mlangoni, sogeeni mbele, viti vipo. Nitasema lile lile ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti, na sitachoka mpaka menyu za mji huu zibadilike. Mtu kapanda treni Dar es Salaam, kasafiri zaidi ya kilomita 1,200 hadi mwisho wa reli, kashuka anatazama Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachofika mita 1,470, halafu sisi tunampa chipsi kuku. Kuku mwenyewe wa kisasa! Huyo kuku kamwacha Kariakoo.

Najua mtakachosema: Mzungu hali dagaa, na mgeni wa Dar ukimpa dagaa anaona umemdharau. Si kweli. Huko Dar dagaa wetu wanauzwa kwa jina la Kigoma, na muuzaji hulitaja jina hilo ili asishushe bei. Kinachomkimbiza mgeni si dagaa, ni mchanga. Tonge la kwanza likisaga jinoni, sahani inasukumwa pembeni na kesho anaagiza chipsi. Kwa hiyo leo mtanivumilia, mchanga nitausema mpaka uishe.

Unaanzia mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki. Dagaa wakitandazwa chini ufukweni wakiwa wabichi, mchanga unakaukia kwenye ngozi, na hapo huwezi kuuondoa kwa kukung'uta. Nunua waliokaushwa juu ya chanja. Shika kiganja kimoja utazame: awe na rangi ya fedha inayong'aa, awe mzima, na ukimkunja avunjike kwa mlio. Akiwa wa njano au kahawia, mafuta yake yameshaharibika, atakereketa kooni. Akiwa mweusimweusi na harufu nzito, alinyeshewa kabla hajakauka, na huyo hata umwagie viungo vyote vya Unguja haponi. Ukishanunua, usimfungie kwenye mfuko wa plastiki, atatoa jasho na kuota ukungu. Gunia, juu ya kichaga, mbali na ukuta.

Sasa jikoni. Kwa watu wanne chukua robo kilo ya dagaa wakavu. Wakubwa watoe vichwa: bana kichwa kwa kidole gumba, vuta, na utumbo unakuja nacho. Uchungu uko kwenye utumbo. Wadogo sana waache walivyo. Weka maji ya uvuguvugu kwenye beseni pana, watie, wavuruge kwa mkono, waache kidogo mchanga ushuke. Halafu, na hili naomba mlisikie hata nyie wa mlangoni, usimwage! Ukiinamisha beseni juu ya chujio, mchanga uliokwisha kukaa chini unarudi kwa dagaa wako, umefanya kazi bure. Wainue kwa mikono, wahamishie kwenye maji mapya. Kisha pitisha kiganja kwenye sakafu ya beseni la kwanza, utausikia. Rudia mpaka kiganja kisisikie kitu, mara tatu au nne. Fanya haraka lakini. Wakilowa muda mrefu wananyonya maji, wakiingia kwenye mafuta wanakuwa uji.

Wachuje, waachwe wakauke kidogo kwenye ungo. Mimina vijiko vinne vya mezani vya mawese, moto wa wastani, mpaka ile harufu ya ubichi iishe. Yakitoa moshi umeyaunguza, yatakuwa machungu, anza upya. Wapo wanaoona mawese ni ya vijijini, wanakaanga kwa mafuta ya chupa ili mgeni asione wekundu. Mkoa wenye michikichi kila bonde unaficha mawese! Tatizo ni mawese ya zamani, yale yaliyochacha na kukwaruza koo. Onja tone moja kabla ya kununua dumu.

Kaanga dagaa kwanza, peke yao, mpaka uwasikie wakigonga sufuria kama changarawe. Watoe. Vitunguu viwili, kisha nyanya tatu, zipikwe mpaka mafuta yaelee juu. Rudisha dagaa, pilipili, ndimu, dakika tano, epua. Maji usiongeze. Chumvi iwe ya mwisho na baada ya kuonja, maana wa masika wengine huwa wametiwa chumvi ili wasioze jua likikosekana.

Ugali wa muhogo sitaufundisha kwa watu wa hapa. Ila mawili. Muhogo mchungu ambao haukulowekwa mpaka ukalainika una sumu, kwa hiyo unga nunua kwa mtu unayemfahamu, usimfuate wa bei rahisi barabarani. Pili, usonge mgeni akishakaa mezani. Ukipoa unavutika kama mpira, na mgeni ataondoka akidhani ndivyo ulivyo.

Samaki wetu wengine, migebuka: nyama yake laini na inaharibika upesi, basi iwe ya asubuhi ile ile, jicho limetuna, matamvua mekundu. Ichanje, chumvi na ndimu robo saa, ifute maji kabisa, na mafuta yawe yamepata moto kweli. Yakiwa baridi ngozi inaganda kwenye kikaango na samaki anatoka vipande. Apelekwe mezani mzima na kichwa chake. Sangala na kuhe, hivyo hivyo.

Mtauliza, samaki wapo kila siku? Hawapo. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa inakosa nguvu ya kuwavuta. Kwa hiyo kalenda ya mwezi ibandikwe jikoni kwako: siku za giza wauze wabichi, siku za mbalamwezi toa wakavu. Na uvuvi ukisimamishwa, kama mwaka 2024 kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ni kiangazi hicho hicho wageni wanachokuja. Asiye na akiba kabla ya Mei asilalamike kwamba serikali imemfungia hoteli.

Vivutio nitakimbia, dakika zimekwenda. Ujiji: waongozaji mnamaliza makumbusho kwa Stanley kumkuta Livingstone mwaka 1871, picha, tuondoke. Miembe ya njia ya misafara je? Ufuko wanakotengeneza boti za mbao? Mpeni mgeni saa mbili, na katikati mpitisheni kwa mama lishe. Meli ya Liemba: ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikazinduliwa hapa Kigoma mwaka 1915, Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka uliofuata huku mashine zimepakwa grisi, ikaibuliwa 1924. Hiyo ni hadithi ya kusimuliwa pale bandarini, lakini usimuuzie mtu safari kabla hujauliza bandari yenyewe.

Hifadhi ya Gombe hakuna barabara, ni boti kutoka Kibirizi. Kiangazi upepo wa kusi unaamsha mawimbi mchana, basi ondokeni alfajiri, na jaketi okozi livaliwe, si kukaliwa. Mwenye mafua asiende kwa sokwe, wanaambukizwa. Chakula cha njiani kiwe chapati na mayai ya kuchemsha ndani ya kopo lenye kifuniko. Mkungu wa ndizi mkononi ni kuwaita nyani, na nyani haombi. Hifadhi ya Mahale ingehitaji siku nzima, tuiache.

La mwisho, saa ya chakula. Sisi tuko magharibi kabisa, jua letu linazama milima ya Kongo karibu saa moja, Dar giza limeshaingia. Saa hiyo mgeni yuko ufukweni na simu yake anapiga picha. Anarudi saa mbili na njaa, anakuta jiko limezimwa na mpishi kaenda kwao. Waanze zamu saa kumi, wafunge saa nne. Haya, maswali. Tuanze na wenye boti, naona wamenuna tangu nilipotaja jaketi.