Jinsi ya Kuponda Bomba la Nyuzi za Kaboni na Kupima Nishati Linayofyonza

Karibuni, watazamaji. Bomba mnaloliona limesukwa kwa nyuzi za kaboni na kugandishwa kwa gundi ya epoksi, mali ghafi iliyoingia katika kiunzi cha magari ya Formula 1 mwaka 1981 kupitia McLaren MP4/1, na ambayo leo huunda pua ya magari hayo ili ipondeke yenyewe na kumwokoa dereva.

Kateni kipande cha milimita 100, chenye kipenyo cha nje cha milimita 50 na ukuta wa milimita 2, kisha mkipime uzito. Hiki kina gramu 47. Vaeni barakoa na miwani, kwa kuwa vumbi la kaboni huwasha ngozi na halifai kuvutwa puani.

Hatua inayofuata ndiyo inayoamua kila kitu. Kwa msasa, chongeni ukingo wa ncha moja kwa mwinamo wa digrii 45, mzunguko mzima. Ncha ikiachwa butu, nguvu hupanda ghafla na bomba huweza kupasuka katikati, likameguka mapande makubwa ambayo hayakufyonza karibu chochote. Ncha iliyochongwa huanza kuvunjika kwa nguvu ndogo, na uvunjikaji huteremka kidogo kidogo kutoka hapo. Tafadhali msiiruke.

Simamisheni bomba wima kati ya sahani mbili za mashine ya kubana, ncha iliyochongwa ikiwa juu, na mashine ishuke milimita 10 kwa dakika. Mlio wa kutatarika usiokatika ni dalili njema. Sogeeni karibu: tabaka za nje zinajikunja kama ganda la ndizi linalomenywa, za ndani zinazama ndani, na katikati vumbi lililoshindiliwa limekuwa kabari inayozidi kuzitenganisha. Bomba la chuma laini hufyonza nishati kwa kujikunja; hili huifyonza kwa nyuzi kukatika, tabaka kubanduka, na kwa sehemu kubwa msuguano.

Simamisheni mashine kwenye milimita 60, kabla vumbi halijajaa ndani na kupandisha nguvu. Eneo lililo chini ya mstari wa grafu ya nguvu dhidi ya umbali ambao mashine imeshuka ndilo nishati: wastani wa kilonyutoni 28 kwa milimita 60 ni juli 1,680, na ukigawanya kwa gramu 28 zilizopondwa, unapata kilojuli 60 kwa kilo.

Mwisho, linganisheni kilele cha grafu na wastani wake. Kilele kikipita mno, chongeni kipande kingine kwa uangalifu zaidi na kurudia, kwa maana kilele hicho ndicho kinachofika shingoni mwa dereva.