Gia Iko Mbele ya Mota au Nyuma Yake?

MWANAIDI: Haya, karibuni tena. Leo ni baiskeli za umeme, na naanza na swali la msikilizaji kwa sababu limebeba nusu ya kipindi. Baiskeli yake ina mota kwenye gurudumu la nyuma na gia saba za kawaida. Mlimani mota inachoka. Anauliza: nikifunga sproketi kubwa zaidi nyuma, yaani lile gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo, mota itapanda vizuri?

KASSIM: Haitapanda.

MWANAIDI: We bwana, mwache mtu avute pumzi kwanza!

KASSIM: Afadhali ajue kabla hajatoa hela. Mota ile imo ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, inazungusha gurudumu moja kwa moja. Mnyororo na sproketi ni za miguu yake tu. Aweke gia ya kwanza, aweke ya saba, mota haina habari. Yenyewe inajua kitu kimoja: gurudumu linazunguka kwa kasi gani.

MWANAIDI: Lakini hatapoteza kitu akiifunga, si ndiyo? Mimi ningemwambia aifunge.

KASSIM: Kwa ajili ya miguu, sawa. Tena hapo una hoja. Akipata gia nyepesi, atakanyaga vizuri zaidi mlimani, gurudumu halitapoteza kasi sana, na mota itapata nafuu kwa mlango wa nyuma. Ila nafuu hiyo imetoka miguuni.

MWANAIDI: Tuweke namba hapo, maana watu wakisikia "mota inachoka" wanadhani ni betri.

KASSIM: Chukua gurudumu la kawaida la baiskeli kubwa, mzingo wake kama mita 2.1. Ukienda kilomita 25 kwa saa, linazunguka karibu mara 200 kwa dakika. Ukipanda mlima kwa kilomita 8 kwa saa, linazunguka mara 63 tu. Sasa mota ya habu imesukwa ifanye kazi vizuri karibu na zile 200. Kwenye 63 inalazimika kuvuta mkondo mkubwa ili isizimike, na joto kwenye nyaya za shaba hukua kwa mraba wa mkondo. Mkondo ukizidi mara mbili, joto linazidi mara nne.

MWANAIDI: Na betri inaisha huku umeme mwingi umekwenda kupasha habu moto.

KASSIM: Ukishuka, iguse habu taratibu, utaelewa. Halafu tazama mzigo wenyewe. Mtu na baiskeli yake, jumla kilo 100, mlima wa asilimia 10, yaani unapanda mita 10 kwa kila mita 100. Gurudumu linahitaji nyutonimita 33 hivi za kusokota, kupambana na mlima tu, upepo na barabara hatujavitia. Mota nyingi ndogo za habu zinaandikwa 40. Kwa hiyo amekwisha fika ukingoni kabla hajabeba hata gunia.

MWANAIDI: Hapo ndipo watu wa mota ya katikati wanapoanza kutamba.

KASSIM: Wana haki yao. Mota ya katikati imekaa penye pedali, nguvu yake inapitia sproketi ya mbele, mnyororo, hadi gia za nyuma. Gia zako ni gia zake. Ukishusha gia mlimani, mota inabaki kwenye mizunguko inayoipenda, hata kama gurudumu linajikokota.

MWANAIDI: Ila hapa nina ugomvi na matangazo. Wanaandika "nyutonimita 85" kwa herufi kubwa, mnunuzi anaona 85 na 40, anasema hii ni mara mbili ya ile. Zile 85 ni za kwenye krenki, pale pedali zinapozungukia! Gurudumu linapata ngapi? Inategemea meno. Mbele 38, nyuma 42: gurudumu linapata kama 94. Sasa acha mbele 38, nyuma weka sproketi ndogo ya meno 11. Linapata 25.

KASSIM: Chini ya ile ya habu.

MWANAIDI: Chini ya ile ya habu! Mota ileile, siku ileile. Nimeona watu wamenunua mota ya katikati kwa bei ya juu, halafu wanapanda mlima na gia ya juu kabisa kwa sababu "mota itasaidia". Pedali zinazunguka pole pole, mota inaguna, kisha wanalalamika kwamba baiskeli haina nguvu. Mota hizi nyingi hutulia ukikanyaga mizunguko 70 hadi 90 kwa dakika. Chini ya 50 unaitesa.

KASSIM: Kwa hiyo anayebadilisha gia kwa wakati hufaidi, mvivu wa gia bora achukue ya habu.

MWANAIDI: Kama njia zake ni tambarare, kwa nini asichukue? Mimi siidharau hata kidogo. Mnyororo unadumu kama wa baiskeli ya kawaida, ukikatika bado mota inakufikisha nyumbani.

KASSIM: Kuna kitu watu hawakijui kuhusu hizo za habu. Nyingi zina gia ndani yake. Ukiifungua unakuta mota ndogo katikati, gia tatu za nailoni zimeizunguka, zinapunguza kasi kama mara tano. Mota ndani inakimbia mizunguko 1,000, gurudumu 200. Lakini uwiano ni huohuo mmoja, huwezi kuubadilisha ukiwa njiani. Na kuna friwili humo ndani, kifaa kinachoacha gurudumu lizunguke bila kuivuta mota, ndiyo maana ukizima umeme gurudumu linateleza vizuri.

MWANAIDI: Zile kubwa zisizo na gia ndani?

KASSIM: Hizo sumaku zimebandikwa kwenye ganda la habu lenyewe. Nzito, kimya, hakuna cha kusagika. Ukizima umeme unahisi zinakushika kidogo, lakini ukifunga breki zinaweza kurudisha umeme kwenye betri. Ya katikati haiwezi, kwa sababu gurudumu la nyuma lina friwili, likizunguka peke yake halivuti mnyororo.

MWANAIDI: Na wala ugomvi huu si wa juzi. Mmarekani Ogden Bolton alipata hataza ya baiskeli yenye mota ndani ya habu ya nyuma mwaka 1895. Miaka miwili baadaye, 1897, Hosea Libbey naye akapata yake, mota zimekaa penye ekseli ya pedali. Tumebishana tangu wakati huo.

KASSIM: Sasa tuseme ukweli wa mota ya katikati, maana tumeisifu mno. Inakula mnyororo.

MWANAIDI: Inakula!

KASSIM: Piga hesabu. Nyutonimita 85 kwenye sproketi ya meno 38 ni mvuto wa karibu nyutoni 1,100 kwenye mnyororo. Ni kama umening'iniza kilo 110 pale, na hiyo ni mota tu, bado hujakanyaga. Halafu katikati ya mvuto huo unabonyeza kibadilisha gia, mnyororo uruke jino kwenda jino. Ule mlio wa "kraa!" unausikia?

MWANAIDI: Usinikumbushe. Baiskeli nyingine zina sensa inayokata mota kwa nukta ya sekunde wakati wa kubadilisha. Kama yako haina, sensa ni wewe: punguza kukanyaga, bonyeza, subiri mnyororo ukae, kanyaga. Na ubadilishe kabla ya mlima. Ukiwa katikati ya mlima umechelewa.

KASSIM: Na usikae kwenye sproketi ndogo kabisa siku nzima. Meno 11 yanabeba mvuto uleule ambao meno 42 yangegawana, yanaisha upesi.

MWANAIDI: Kuna wanaokimbilia gia za ndani ya habu ya nyuma, pamoja na mota ya katikati. Mimi kwa baiskeli ya kila siku nazipenda sana. Mnyororo haurukiruki, unaweza hata kuweka mkanda badala ya mnyororo, hauli mafuta wala hauchafui suruali.

KASSIM: Fremu iwe na mahali pa kufunguka, mkanda haukatwi na kuungwa kama mnyororo. Wengi hununua mkanda kwanza ndipo wanagundua.

MWANAIDI: Kweli. Na upana wa gia uangaliwe. Shimano Nexus ya gia 8 ina asilimia 307, maana yake gia ya juu ni mara tatu na kidogo ya ile ya chini. Mjini inatosha. Rohloff ya gia 14 inafika 526, hiyo unapanda nayo popote, mfuko ukiruhusu.

KASSIM: Lakini gia za ndani hazipendi kubadilishwa chini ya mzigo, na mota inazisukuma kuliko miguu ya mtu. Kabla ya kununua, uliza kama kiwanda kimeiruhusu itumike na mota, na kwa nyutonimita ngapi. Usikubali jibu la "itakaa tu".

MWANAIDI: Halafu kampuni ya Pinion, mwaka 2023, wakaja na mota na gia 12 katika kasha moja penye pedali, upana asilimia 600. Nyuma sproketi moja tu. Unaweza kubadilisha gia umesimama kwenye taa.

KASSIM: Naikubali kiufundi. Ila kikiharibika kitu kimoja, kasha zima linatoka. Mimi napenda kilichovunjika nikitoe peke yake.

MWANAIDI: Wewe ungependa hata redio ifunguke kwa bisibisi.

KASSIM: Ndiyo! Haya, kwa wenye mota ya katikati, chukueni rula sasa hivi. Weka sifuri kwenye kitovu cha pini moja ya mnyororo uliovutwa vizuri, hesabu pini 24 mbele. Mnyororo mpya utasoma milimita 304.8. Ukisoma 306.3, umeisha, badilisha.

MWANAIDI: Milimita moja na nusu tu?

KASSIM: Tu. Ukiuacha, unachonga meno ya sproketi kwa umbo lake lililolegea, na siku ukifunga mnyororo mpya unaruka juu ya meno hayo. Hapo unanunua na sproketi za nyuma zote.