Bukari ya Mwaka 2050

Papa zangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokosa viti mkasimama kule mlangoni: jambo yenu. Asanteni kwa kuvuka mvua hii mpaka hapa Katuba, Lubumbashi.

Nimekuja na daftari la benki. Lilikuwa la baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, Mungu amlaze pema. Kwa miaka 19 aliweka kidogo kidogo, na kila alichoweka kimeandikwa humu kwa wino, kikapigwa muhuri. Hakuna karani aliyemwibia. Hesabu ni sahihi mpaka mstari wa mwisho. Lakini Oktoba 1993 ilitolewa sarafu ya zaire mpya, na zaire 3,000,000 za zamani zikawa 1. Mwaka uliofuata bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Mwaka 1998 ikaja faranga, kila faranga ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Zidisheni wenyewe: faranga 1 ni zaire bilioni 300 za zamani. Siku baba alipokwenda kutoa akiba yake alirudi kwa mguu, maana haikutosha hata nauli ya basi. Daftari hakulitupa. Nadhani alikuwa akitafuta mtu wa kumuuliza, na hakumpata.

Nimelibeba leo kwa ajili ya swali mnaloniuliza nyinyi vijana kila mara: kwa nini pesa ya uzeeni ipitie kwenye mfuko wa umma, ambako hatujui inaliwa na nani? Kwa nini kila mtu asipewe akaunti yake yenye jina lake, akaipeleka sokoni ikazaa? Wabunge wetu wa kusimama, wale wanaosoma magazeti barabarani na kubishana mpaka jua linazama, nao wamelichukua swali hilo. Si swali la kijinga. Nchi kubwa imewahi kubishana juu yake mwaka mzima, na ubishi ule nataka tuupitie, kwa kuwa karibu kila hoja mtakayoisikia redioni ilisemwa kule kwanza.

Marekani ina mfuko wa umma unaoitwa Social Security. Rais Franklin Roosevelt aliitia sahihi sheria yake tarehe 14 Agosti 1935. Mshahara hukatwa asilimia 12.4, nusu kwa mfanyakazi na nusu kwa mwajiri, hadi kiwango fulani cha mapato. Pesa hiyo haifungiwi sandukuni ikimngoja mwenyewe azeeke. Sehemu kubwa huenda moja kwa moja kwa wazee wa leo, na ziada inayobaki hukopeshwa serikali, nayo hutoa hati za deni. Kwa ufupi, watoto wa taifa zima wanawalisha wazazi wa taifa zima. CNSS yetu, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii hapa Kongo, imejengwa kwa mantiki ya namna hiyohiyo: mfanyakazi anakatwa asilimia 5, mwajiri anaongeza 13, na kati ya hizo 18, asilimia 10 ndizo za pensheni.

Tarehe 2 Februari 2005 Rais George W. Bush alisimama mbele ya Bunge akasema kwamba ifikapo mwaka 2042 mfuko huo utakuwa umekauka na kufilisika. Akapendekeza mfanyakazi aliye chini ya miaka 55 aruhusiwe kuchukua hadi asilimia 4 ya mshahara wake kutoka kwenye makato yale, aziweke katika akaunti yake, zinunue hisa na hati za dhamana. Akaanza kuzunguka nchi mji kwa mji kuihubiri hoja hiyo.

Sasa tazameni neno moja lilivyosumbua watu. Kufilisika. Ripoti ya wasimamizi wa mfuko ya mwaka uleule ilisema kwamba akiba ingeisha mwaka 2041, na baada ya hapo makato yanayoendelea kuingia yangetosha kulipa karibu asilimia 74 ya mafao yaliyoahidiwa. Kukosa robo ni jambo zito, na mzee anayelipwa robo tatu ana haki ya kukasirika. Lakini anayelipa robo tatu hajafilisika. Wachambuzi wa magazeti waligawanyika hapo hapo. Paul Krugman wa New York Times aliandika makala baada ya makala kwamba hofu inapikwa ili dawa iuzike. Wa upande wa pili walijibu kwamba mfuko huu ni kama ile michezo ya pesa ambamo wa kwanza hulipwa na wa mwisho. Walipenda kumtaja bibi mmoja wa Vermont, Ida May Fuller, aliyepokea hundi ya kwanza ya kila mwezi Januari 1940. Alikuwa amekatwa jumla ya dola 24.75 tu. Akaishi miaka 100, akapokea zaidi ya dola 22,000. Mkosoaji akimtazama bibi yule anaona udanganyifu. Mimi naona bima inayofanya kazi yake: wapo waliokatwa wakafa kabla ya hundi ya kwanza, na hakuna kati yetu ajuaye yuko kundi gani.

Hata jina la mpango liligombaniwa. Wenye mpango walianza kwa kusema akaunti za kibinafsi kwa maana ya soko, kisha washauri wao wa lugha wakawaambia neno hilo linatisha, waseme akaunti za mtu mwenyewe. Wapinzani wakashikilia ubinafsishaji. Kwa Kiswahili chetu ndani ya ubinafsishaji mna ubinafsi, na msemaji mwerevu anaweza kuutumia huo peke yake akashinda mdahalo bila kueleza kitu. Nawaomba msimkubalie, hata akiwa upande wangu.

Aprili 2005 Bush alifika Parkersburg, West Virginia, ofisini ambako zile hati za deni za mfuko zinatunzwa. Zimo katika kabati la kawaida la mafaili. Alisimama kando ya kabati hilo, kisha akawaambia watu kwamba mfuko wenyewe haupo, ni karatasi za madeni tu ambazo vizazi vijavyo watazilipa. Picha ile ilizunguka dunia nzima. Mimi nilipoiona nilifikiria kabati la chumbani kwetu na daftari hili jekundu ndani yake.

Maana, ndugu zangu, kila pensheni ni karatasi. Hati ya serikali ni karatasi. Hisa ya kampuni ni karatasi. Daftari la baba ni karatasi. Hakuna mtu anayeweza kuweka leo bukari, ugali wetu huu, atakayokula mwaka 2050. Itasongwa mwaka ule, na mikono itakayokuwepo mwaka ule, kwa unga utakaokuwepo mwaka ule. Mkipitia mfuko wa umma au mkipitia soko la hisa, mzee wa mwaka 2050 atakula kazi ya kijana wa mwaka 2050. Kinachobadilika ni nani anawajibika kuiheshimu karatasi yako, na ikichanika hasara inamwangukia nani. Hili ndilo nililotaka mbebe, na nimelisema mapema kwa sababu mvua inazidi.

Chukueni mfano wa soko. Mwaka 2008 fahirisi ya hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani ilianguka kwa karibu asilimia 38. Aliyestaafu mwaka 2007 na aliyestaafu mwanzoni mwa 2009 huenda walifanya kazi ileile, kwa miaka ileile, kwa mshahara uleule. Mmoja akapata uzee, mwingine akapata somo. Wachumi watawaambia soko hupanda tena, na ni kweli lilipanda. Lakini mama mwenye miaka 66 anayenunua dawa za presha hawezi kuliambia duka la dawa lisubiri soko.

Tena kuna suala ambalo wachambuzi wengi wa 2005 waliliruka. Karibu theluthi moja ya waliokuwa wakilipwa na Social Security hawakuwa wastaafu kabisa. Walikuwa wajane, yatima, na watu walioumia wasiweze kufanya kazi tena. Kijana wa miaka 28 akianguka mgodini, akaunti yake ina nini? Miaka michache ya makato. Mke wake na watoto watatu watakula nini? Bima ya pamoja hulipa kwa hitaji, akaunti hulipa kwa kilichomo. Katika mji huu wa migodi sihitaji kuongeza neno.

Na wale wazee wa leo? Ukimpa kijana ruhusa ya kuondoa asilimia 4, hundi ya babu inatoka wapi mwezi ujao? Jibu lilikuwa mkopo wa mamia ya mabilioni ya dola. Chama cha wastaafu, AARP, kilirusha tangazo la televisheni lililoonyesha nyumba nzima ikibomolewa kwa sababu sinki limeziba. Kadiri rais alivyozunguka kueleza, ndivyo uungwaji mkono ulivyopungua. Bunge halikupiga kura kamwe, na kufikia mwishoni mwa mwaka mpango ulikuwa umekufa.

Chile hawakupata nafasi ya kubishana. Kule mpango uliletwa chini ya Jenerali Pinochet, ukitungwa na waziri wake wa kazi José Piñera, ukaanza Mei 1981. Asilimia 10 ya mshahara wa mfanyakazi iliingia katika akaunti inayoendeshwa na kampuni za kibinafsi, ada juu yake, na mwajiri hakuchangia kitu. Jambo moja tu niwaombe mlikumbuke kuhusu Chile: wanajeshi na polisi waliachwa nje. Waliouamuru mpango walibaki na mfuko wao wa zamani. Sijapata hoja ya mwanauchumi yeyote inayonitosha kuliko hiyo. Baadaye wanawake waliolea watoto nyumbani, na watu wa vibarua, walifika uzeeni na akaunti nyembamba sana, mpaka mwaka 2008 serikali ya Michelle Bachelet ikaweka pensheni ya mshikamano kutoka hazina ya umma. Mwaka 2016 mamia ya maelfu waliandamana. Januari 2025 Bunge la Chile lilipitisha mageuzi yanayomrudisha mwajiri kuchangia. Shirika la Kazi Duniani lilihesabu nchi 30 zilizobinafsisha pensheni kati ya 1981 na 2014, zote au kwa sehemu. Kufikia 2018, nchi 18 kati ya hizo zilikuwa zimerudi nyuma.

Najua mnachotaka kuniambia. Professa, Marekani serikali inalipa. Hapa je? Mna haki. Nimeanza na daftari la baba yangu kwa sababu hiyo hasa: noti ya zaire ilichapwa na serikali, na serikali ndiyo iliyoiua. Mwenye kudai akaunti yenye jina lake anadai kitu cha halali, anataka kuona. Lakini jina peke yake halilindi. Argentina mwaka 2008 na Hungary mwaka 2010, serikali zilichukua pesa zilizokuwa katika akaunti za kibinafsi. Serikali isiyoheshimu mfuko wa wote haitashindwa na akaunti ya mtu mmoja mmoja. Na daftari hili, nalo, lilikuwa na jina la baba.

Na sisi tumeshaonja pesa mkononi. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, waliondoka katika mpango wa kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kila mmoja alipewa fungu lake kwa mara moja. Vizazi vilivyokuwa vimeita kampuni baba na mama, vilivyozoea mposho wa chakula, hospitali na shule, vikapewa dola na uhuru wa kuziendesha. Wengine walinunua gari la teksi, wengine walijenga, wengine walisomesha. Mnawafahamu, wengine wenu ndio nyinyi, na sitawaeleza maisha yenu. Nauliza tu: fungu lile lilikuwa na njia gani ya kujua kwamba mwenyewe ataishi miaka 20 zaidi?

Kwa hiyo vijana, mnapoitwa redioni, msibishane juu ya umma au binafsi kwanza. Muulizeni anayeleta mpango ada ni kiasi gani kwa mwaka. Muulizeni mjane anapata nini. Muulizeni wazee wa leo watalipwa na nani wakati wa kuhama. Muulizeni kama yeye mwenyewe, na wanajeshi, na wabunge, wanaingia. Na mkiutetea mfuko wa umma, kama ninavyoutetea mimi, daini hesabu zake zichapwe kila mwaka kwa lugha ambayo mama wa sokoni katika mtaa wetu wa Kenya anaisoma, na mwajiri anayekata bila kupeleka afikishwe mahakamani.

Daftari naliacha hapa mezani, mkitaka kulifungua. Maswali sasa. Tuanze na papa wa shati la kijani, aliyeinua mkono tangu nilipotaja Chile.