Suke la Kwanza: Goa, Mvua na Sikukuu Zake

NEEMA: Karibuni tena jamani. Mimi ni Neema, mzaliwa wa Masasi, na pembeni yangu yupo kaka Hamadi wa Pemba. Leo tunavuka bahari, tunakwenda Goa, jimbo la India.

HAMADI: Walionizidi umri shikamooni, wengine hamjambo. Dada Neema, naomba tuanze na upepo kabla ya sikukuu yoyote.

NEEMA: Haya, tuanze na upepo.

HAMADI: Kusi. Lile lile ambalo majahazi yalikuwa yakilingoja pwani yetu ili yarudi Bara Hindi. Likishavuka ikweta hupinda, likaingia pwani ya magharibi ya India likitokea kusini-magharibi, na mzigo wake ni mvua. Siku za mwanzo za Juni linafika Goa. Kwa mwaka mzima wanapata karibu milimita 3,000, na nyingi mno zinashuka kati ya Juni na Septemba. Goa ni mahali padogo, kilomita za mraba 3,702 tu, lakini ndani ya miezi hiyo minne mpunga unapandwa, visima vinajaa, boti zinavutwa ufukweni, na sikukuu zinaongozana.

NEEMA: Na wenyewe ni akina nani? Sensa ya 2011 inaonyesha Wahindu ni karibu theluthi mbili, Wakristo ni robo, Waislamu kama asilimia 8. Wakristo wengi ni Wakatoliki, maana Wareno waliishika Goa tangu 1510 mpaka Desemba 1961. Lugha yao ni Kikonkani, Mhindu na Mkristo wote hicho hicho.

HAMADI: Na kuna neno moja la kwao nalipenda. Kanisa kwa Kikonkani ni "igorz", kutoka Kireno "igreja". Neno hilo hilo la Kireno likafika pwani yetu likawa "gereza". Ngome ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, ilikuwa chini ya mamlaka ya Wareno waliokaa Goa. Wenzetu wakabaki na kanisa, sisi tukabaki na jela.

NEEMA: Nilikuwa silijui hilo. Mimi Goa niliingilia mlango wa São João, tarehe 24 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Kwetu siku hiyo ni misa, basi. Kule watu wanajitupa kisimani.

HAMADI: Kisimani hasa?

NEEMA: Kisimani hasa, kile cha nyuma ya nyumba. Vijana wanazunguka mtaa mzima, kichwani wamevaa kopel, taji la majani na maua, wengine wanasukia na matunda humo humo. Wanapiga ngoma, wanapaza sauti "Viva San João!", wakifika kwenye kisima, chubwi, mmoja baada ya mwingine. Maelezo yake yamo katika Injili ya Luka. Maria alipomsalimia Elisabeti, mtoto akaruka tumboni mwa mama yake. Kisima ndicho tumbo, na yule kijana anayeruka ndiye Yohane.

HAMADI: Na kisima kimejaa kwa sababu mvua ina wiki tatu.

NEEMA: Hapo ndipo nilipotaka tufike. Mwezi Mei maji yako chini kabisa, huwezi kuruka. Kanisa lilileta tarehe, lakini anayejaza kisima ni mvua. Halafu siku hiyo ni ya wakwe. Kijana aliyeoa mwaka huo anaalikwa ukweni, mama mkwe anamwandalia matunda na vyakula, na watu wa mtaa wanamshangilia. Na Siolim, upande wa kaskazini, wanakuja kwa maji. Boti zinapambwa, zinatoka vijiji jirani, watu wanaimba mpaka kwenye kikanisa cha Yohane.

HAMADI: Ngoma yenyewe ni ghumot, sivyo?

NEEMA: Ndiyo. Ni chungu cha udongo chenye midomo miwili. Mmoja unaachwa wazi, mpigaji anaufunika na kuufunua kwa kiganja, sauti inakuwa kama inavuta pumzi. Mwingine ulikuwa unawambwa ngozi ya kenge. India ilipopitisha sheria ya kulinda wanyamapori mwaka 1972, kenge akalindwa, na ngoma ikakaa mashakani miaka mingi. Sasa wanawamba ngozi ya mbuzi, na mwaka 2019 serikali ya Goa ikaitangaza ghumot kuwa ala ya urithi. Mhindu anaipiga mbele ya Ganesh, mungu wao mwenye kichwa cha tembo, Mkatoliki anaipiga siku ya São João. Chungu ni kile kile.

HAMADI: Siku tano baadaye, tarehe 29 Juni, ni zamu ya wavuvi, sikukuu ya Mtakatifu Petro. Wanafunga boti mbili pamoja, juu yake wanatandika mbao, likawa jukwaa linaloelea. Wanaliita sangodd. Nyimbo na michezo ya kuigiza inafanyika mtoni. Na wana nafasi, kwa sababu kuanzia Juni mosi hadi Julai 31 boti za injini haziruhusiwi kuvua, samaki wanaachwa wazae. Kisha mwezi mpevu wa Shravan, mwezi wa kalenda ya Kihindu, Julai au Agosti, wavuvi Wahindu wanaipa bahari nazi. Sikukuu ya nazi hiyo. Wanaomba bahari itulie ndipo waingie.

NEEMA: Tuje kwenye mpunga, kaka. Najua ndio uliokuleta studio leo.

HAMADI: Ndio. Mama yangu alikuwa na kipande cha bonde Pemba. Masuke yakianza kujaa, kabla hayajakauka, anakata kidogo, anakaanga, tunatwanga kinuni mpaka punje zinalala bapa. Pepeta. Ukila ile ndipo unajua mwaka umefika. Na neno letu lipo tayari, kulimbua. Kula cha kwanza cha shamba kwa adabu yake. Sasa nimesoma kuhusu Goa nikakuta siku nzima iliyotengwa kwa kulimbua. "Kons" ni suke. "Konsachem fest" ni sikukuu ya suke.

NEEMA: Ieleze polepole.

HAMADI: Inafunguliwa katika kijiji kiitwacho Raia, kusini mwa Goa, tarehe 5 Agosti, kwenye kanisa la Bikira Maria wa Theluji.

NEEMA: Theluji! Katika joto lile!

HAMADI: Jina limetoka Roma, lakini sikukuu ni ya matope. Baada ya misa maandamano yanatoka kanisani, bendi ya matarumbeta mbele, wanachama wa chama cha kanisa na majoho yao, padri na mundu. Wanateremka mpaka ukingo wa shamba. Padri anaubariki mpunga, anakata masuke ya kwanza. Mwanzoni mwa Agosti mengi bado ni ya kijani, mavuno yenyewe yako Septemba na Oktoba. Kwa hiyo hapo hakuna cha kuweka ghalani. Wanachokata ni limbuko. Masuke yanarudi altareni, kisha yanagawiwa, kila familia inabeba yake nyumbani. Parokia nyingine zinafuata, kila moja kwa siku yake. Taleigao, karibu na mji mkuu Panaji, ni tarehe 21 Agosti.

NEEMA: Na wanaokata pale wana heshima ya ukoo. Inabidi tuseme juu ya gaunkari. Kabla Wareno hawajafika, ardhi ya kijiji ilikuwa ya koo waanzilishi kwa pamoja, waliitwa gaunkar. Walilima, wakatengeneza kingo, wakatunza hekalu, kilichobaki wakagawana. Mwaka 1526 Wareno waliziandika desturi hizo katika waraka rasmi, na vyama vile vikaitwa komunidade. Vipo mpaka leo. Kwa hiyo mkuu wa ukoo anaposhika mundu siku ya suke, anashika jambo la kabla ya 1510.

HAMADI: Na hizo kingo, dada, ni akili kubwa. Bonde la mto Mandovi na la mto Zuari linaingiliwa na maji ya chumvi kila bamvua. Watu wa zamani walijenga kuta za udongo, majani makavu na mawe mekundu, wakaweka milango ya mbao inayofungwa na maji yenyewe. Maji yakijaa yanausukuma mlango unajifunga, yakipwa unafunguka na maji ya shamba yanatoka. Ardhi hizo wanaziita khazan. Mvua inaosha chumvi, wanapanda korgut, mpunga unaovumilia chumvi, na mvua ikiisha hapo hapo wanafuga samaki na kamba.

NEEMA: Upande wa Wahindu suke hilo hilo linaingia kwa mlango wa Ganesh. Goa wanaiita Chavath, yaani ya nne, siku ya nne ya mwezi wa Bhadrapad, Agosti au Septemba. Sanamu ni ya udongo. Inakaa nyumbani siku moja na nusu, au tano, au zaidi, kisha inapelekwa mtoni ikayeyuke. Siku ya pili yake masuke mapya yanaletwa, yanawekwa mbele ya mungu, mengine yanafungwa mlangoni. Wanaita navem, mpya. Lakini mimi kilichonishika ni matoli.

HAMADI: Fremu ya juu.

NEEMA: Fremu ya mbao au mianzi inayoning'inizwa juu ya sanamu. Unaifunga kila kilichozaliwa na mvua ile: nazi, popoo, malimau, matango, maboga, matunda ya porini ambayo ukienda sokoni siku nyingine huyaoni. Wenye bidii wanafikisha aina mamia, na serikali inaendesha mashindano. Mtoto anayekua chini ya matoli anajifunza msitu mzima akiwa sebuleni. Mlezi wake anamwonyesha, hili linatibu tumbo, hili lina sumu, hili linachumwa upande wa kivuli.

HAMADI: Na hawakuachiwa kwa amani.

NEEMA: Hata kidogo. Baraza la Kuhukumu Imani la Wareno lilianzishwa Goa mwaka 1560, na halikufutwa moja kwa moja mpaka 1812. Mahekalu yalibomolewa. Familia nyingine zikahifadhi Ganesh wa karatasi au wa majani, kitu unachoweza kukunja na kuficha, na zipo nyumba ambazo hadi leo zinaweka karatasi pale wengine wanapoweka udongo. Zilitoroka familia usiku kuvuka mto na miungu yao. Hekalu la Devaki Krishna lilikuwa kisiwani Chorão, likahamishwa mpaka likatulia Marcel. Na pale Marcel leo, mvua ikiwa imekolea, Juni au Julai, watu wanacheza Chikal Kalo. Uwanja wa hekalu umekuwa tope, wanaume wanajipaka mafuta, wanagaagaa, wanacheza michezo ya utoto wa mungu wao Krishna. Wanafurahia tope lenyewe, lile lile litakalowapa wali.

HAMADI: Mimi huwa nasikia watu wakisema Wakatoliki wa Goa "wamechanganya dini". Silipendi neno hilo. Padri anabariki suke kwa sala za kanisa lake, Mhindu anaweka lake mbele ya Ganesh, kila mmoja anajua anamwomba nani. Wanachoshiriki ni shamba na jirani.

NEEMA: Na chakula! Patoleo, kaka. Unga wa mchele unapakwa kwenye jani la mmea wa manjano, ile bizari, ndani nazi na sukari guru, jani linakunjwa, inapikwa kwa mvuke. Mkatoliki anapika tarehe 15 Agosti, siku ya Kupalizwa Bikira Maria. Mhindu anapika kwenye sikukuu zake za msimu ule ule. Jani la manjano ni bichi na pana wakati huo tu.

HAMADI: Watu wa Shirgao na Mapusa umewasahau.

NEEMA: Siwezi kuwasahau. Huko tunatoka kwenye mvua, ni Aprili au Mei, kiangazi. Shirgao kuna mungu wa kike Lairai. Waumini wake wanafunga kwa siku kadhaa, kisha alfajiri wanapita juu ya makaa ya moto. Mapusa kuna kanisa la Bikira Maria wa Miujiza, Milagres. Watu wa pale wanasema Lairai na Milagres ni ndugu, ni katika dada saba. Sikukuu ya Milagres ikifika, mafuta yanatoka kwenye hekalu kwenda kanisani, na zawadi ya maua inarudi kwa Lairai. Waumini wa pande zote wanapanga foleni moja Mapusa.

HAMADI: Na kiangazi hicho ndicho cha mabibo.

NEEMA: Ah, hapo uko nyumbani kwangu! Wareno waliutoa mkorosho Brazili, wakaupanda Goa, wakaupanda na kwetu. Goa mabibo yanakanyagwa, maji yake yanachachushwa, yakitoneshwa mara ya kwanza yanaitwa urrak, ukiendelea ndiyo feni. Sasa muulize mtu yeyote wa Masasi au Newala jina la kinywaji cha mabibo.

HAMADI: Uraka.

NEEMA: Uraka! Neno limeanzia kwa Waarabu, limezunguka bahari nzima.

HAMADI: Mimi nina jambo linaloniuma, na nitalisema. Mashamba ya Goa yanaachwa. Vijana wako Ghuba, wako kwenye meli, wako Uingereza. Vibarua ni ghali. Ukingo wa khazan ukibomoka na mwaka ule usitengenezwe, chumvi inaingia, shamba la jirani nalo linakwisha, kwa sababu ukingo ni wa wote. Na ardhi inanunuliwa kwa majumba. Kwa hiyo zipo parokia zinazolazimika kutafuta suke kwingine ili padri apate cha kubariki.

NEEMA: Lakini zipo ambazo sikukuu imewarudisha. Kijiji kinaona aibu kuandamana kwenda kwenye magugu, wanakaa, wanakodi trekta, wanalima kwa pamoja kipande walichokuwa wamekiacha.

HAMADI: Ndiyo maana nazitaka zidumu. Na Diwali, Oktoba au Novemba, mpunga ukishavunwa, usiku wanachoma sanamu kubwa za Narkasur, jitu ovu la hadithi zao, na asubuhi wanakula fov. Unajua fov ni nini? Mpunga uliolowekwa, ukakaangwa, ukapondwa bapa. Wanachanganya na nazi, maziwa, sukari guru.

NEEMA: Kaka, hiyo si pepeta?

HAMADI: Ndiyo yenyewe, dada. Niliposoma niliinuka nikampigia mama simu Pemba. Akaniuliza, "Wanatia nazi?" Nikamwambia wanatia. Akasema, "Basi wanajua kula."